Vita vya Wengine na Wajibu wa Misikiti Yetu

Hapana shaka kwamba miongoni mwa mambo yanayoipima imani ya jamaa ya Waislamu ni namna inavyozipokea habari za vita vinavyopiganwa mbali na mipaka yake. Wakati wa utulivu kila mtu hudai kuwa anaipenda amani. Mizinga inapoanza kunguruma, ndipo hudhihirika nani aliyekuwa akiipenda kwa moyo na nani aliyekuwa akiipenda kwa ulimi. Ni kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuvirejea vita vya siku 12 vya mwezi Juni 2025 baina ya Israel na Iran. Mwenendo wa majeshi yenyewe tutaugusa kwa ufupi, maana shabaha yetu ni kutazama namna watu walivyovipokea vita vile, nasi tukiwemo, na funzo ambalo waumini wanapaswa kulichukua.

Tukumbushane kwa ufupi. Alfajiri ya tarehe 13 Juni 2025 ndege za Israel zilishambulia vituo vya nyuklia na vya kijeshi nchini Iran, na makamanda wakuu wa nchi hiyo wakauawa, miongoni mwao Mohammad Bagheri na Hossein Salami. Iran ikajibu kwa makombora na ndege zisizo na rubani. Tarehe 22 Juni Marekani nayo ikaingia vitani kwa kuvipiga vituo vya Fordow, Natanz na Isfahan. Siku iliyofuata Iran ikairushia makombora kambi ya Marekani ya Al Udeid iliyoko Qatar, na tarehe 24 Juni mapigano yakasimamishwa. Kwa mujibu wa serikali ya Iran, watu zaidi ya 1,000 walipoteza maisha nchini humo. Upande wa Israel waliuawa karibu watu 30. Katika siku hizo chache ulimwengu ulijawa na khofu kuwa nchi moja baada ya nyingine ingevutwa ndani, na neno "Vita Kuu ya Tatu" likawa midomoni mwa watu kuanzia mabaraza ya wakubwa hadi vibaraza vya kahawa.

Watu walivipokea vita vile kwa namna nyingi. Wakazi wa Tehran walijazana barabarani kuukimbia mji wao, magari yakiwa misururu mirefu kuelekea kaskazini. Wakazi wa Tel Aviv na Haifa walikesha katika mahandaki. Ijumaa ya tarehe 20 Juni maelfu ya watu waliandamana katika miji ya Iran, na mjini Baghdad wengine wakatoka misikitini moja kwa moja kuingia mitaani. Na huku kwetu, mbali na milio ya ving'ora, palizuka makundi matatu. Kundi la kwanza lilivishangilia vita kama watu washangiliavyo mpira, likihesabu makombora kama mabao. Kundi la pili lilifungua vitabu na kuanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya Kiyama. Na kundi la tatu liliamua kuwa huu ndio wakati mwafaka wa kufufua ugomvi wa Sunni na Shia, likauliza kama yafaa kuwahurumia waliopigwa au la. Makundi yote matatu, kwa maoni yetu, yamepotea njia, na yafaa tueleze kwa nini.

Kombora si bao

Kuhusu kundi la kwanza, tunasema kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.), ambaye alisimama vitani na kujeruhiwa usoni katika siku ya Uhud, aliwafundisha masahaba wake wasitamani kukutana na adui, bali wamwombe Mwenyezi Mungu salama, na pindi wakilazimika kukutana naye, wasubiri. Ikiwa mtu aliyeonja vita kwa mwili wake alifundisha hivyo, vipi leo mtu aliyeketi kwenye kiti chake, simu mkononi, ayatamani mapambano ambayo si yeye wala mwanawe atakayeyapigana? Kombora halichagui. Likiangukia jengo la ghorofa, huwakuta humo wazee, wagonjwa na watoto wanyonyao. Kumshangilia mwenye kulirusha, awaye yote, ni kuyafanya machozi ya mama mmoja kuwa burudani ya mwingine.

Tena ushangiliaji huu hulishwa na uongo. Katika siku zile 12 zilienezwa picha za miji iliyoteketea ambazo zilitengenezwa kwa akili bandia, na pia vipande vya michezo ya kompyuta vilivyopewa jina la mapigano ya kweli. Watu wenye elimu na heshima zao walizituma picha hizo kwa jamaa na marafiki. Surat al-Hujurat imetuamrisha tuzichunguze habari tunazoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta, na Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa yatosha kumfanya mtu mwongo kule kuhadithia kila anachokisikia. Maonyo haya yametufikia kabla ya simu za mkononi kwa zaidi ya miaka 1,300, lakini ni kama kwamba yameteremshwa kwa ajili ya zama zetu. Kwa hiyo, atumaye picha ya vita ambayo hakuihakiki asijione kuwa amefanya jihadi. Huenda amebeba dhambi ya uongo, na juu yake dhambi ya chuki iliyozaliwa na uongo ule.

Saa ya Kiyama si kazi yetu kuihesabu

Ama kundi la pili, hao wanaokipiga hesabu Kiyama, tunawakumbusha kuwa hesabu za namna hii zilifanywa mwaka 1991 wakati wa vita vya Ghuba, zikafanywa tena mwaka 2003 Iraq ilipovamiwa, na kila mara mahesabu yalibomoka huku wafu wakibaki wafu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipoulizwa na Jibrili kuhusu Saa, alijibu kuwa muulizwa hajui zaidi ya muulizaji. Na alifundisha kuwa mtu akiwa na mche mkononi, na Saa ikawa inasimama, basi na aupande kama aweza. Hapa pana hekima kubwa. Mtu aaminiye kuwa maangamizi hayana budi kuja mwezi huu, hataona haja ya kuyazuia. Ataketi na kuyangoja, pengine hata kuyafurahia. Lakini mwenye mche mkononi ana kazi ya kufanya. Vita huanzishwa na wanadamu, kwa maamuzi ya wanadamu, na wanadamu wana jukumu la kuvizima. Kuvitupia majaaliwa ni kuwapunguzia hesabu wale waliotoa amri.

Vita hupanuka kwa makosa

Wapo wanaosema kuwa khofu ya kupanuka kwa vita ilitiwa chumvi, kwa kuwa siku 12 zilipita na dunia ikabakia mahali pake. Hawa wanasahau kwamba vita haviitaji daima amri ya mkubwa ili vivuke mpaka. Mara nyingi kosa la dakika chache latosha. Tarehe 3 Julai 1988, katika miezi ya mwisho ya vita vya Iran na Iraq, manowari ya Marekani USS Vincennes iliitungua ndege ya abiria ya Iran juu ya Ghuba, ikidhani ni ndege ya kivita. Watu wote 290 waliokuwamo walikufa. Na tarehe 8 Januari 2020, siku chache baada ya Marekani kumuua Jenerali Qassem Soleimani mjini Baghdad, walinzi wa anga wa Iran wenyewe waliitungua ndege ya abiria ya Ukraine iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka Tehran. Walikufa watu 176, wengi wao Wairani. Mara ya kwanza mkosaji alikuwa Mmarekani, mara ya pili Muirani. Na katika mara zote mbili waliokufa hawakuwa na bunduki. Wahenga wamesema vita havina macho, na ndege hizi mbili ni ushahidi wa msemo huo.

Wala tusijidanganye kuwa moto wa mbali hauna moshi. Mwaka 2024 Mlango-Bahari wa Hormuz ulipitisha takriban mapipa milioni 20 ya mafuta kwa siku, yaani kiasi cha sehemu ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani. Vita vya Juni 2025 vilipoanza, bei ya pipa ambayo ilikuwa chini ya dola 70 ilipanda hadi karibu na dola 80, kisha ikashuka mapigano yaliposimama. Bahati ilikuwa kwamba mlango ule haukufungwa mwezi ule. Mwaka 1973 watu hawakuwa na bahati hiyo: baada ya vita vya Oktoba na kuzuiwa kwa mafuta ya Waarabu, bei ilipanda kwa takriban mara nne katika muda wa miezi michache, na nchi changa za Afrika ambazo hazikurusha hata risasi moja zikalipa gharama kwa miaka mingi. Mafuta yashushwayo Dar es Salaam na Mombasa hutoka kwa wingi Ghuba. Vijana wetu kwa maelfu hufanya kazi huko, na kaya nyingi huishi kwa kile wanachokituma. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi, na sisi tumo katika nyasi hizo.

Na yapo yaliyo machungu zaidi ya bei. Tarehe 7 Agosti 1998, watu waliodai kuwa wanapigana na Marekani waliyalipua majengo ya balozi zake mjini Nairobi na Dar es Salaam. Waliuawa watu 224. Kati yao 213 ni wa Nairobi na 11 ni wa Dar es Salaam, na walio wengi sana walikuwa Waafrika waliokuwa wakienda kazini, Waislamu wakiwemo. Hali kadhalika, katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 wanafunzi wawili wa Kitanzania, waliokwenda Israel kujifunza kilimo, waliuawa, na mwili wa mmoja wao ukachukuliwa hadi Gaza. Vijana hao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Ndiyo maana tunasema kwamba mwenye kuifungulia mlango chuki ya vita vya mbali, hajui itaingia nyumba ya nani.

Tusimame na haki

Huenda msomaji akatuuliza: Je, mnataka tunyamaze? Mnataka dhalimu na mdhulumiwa wawe sawa? La hasha. Tuliyoyasema si wito wa kunyamaza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa umekataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, isipokuwa kwa kujilinda inaposhambuliwa au kwa idhini ya Baraza la Usalama. Mashambulizi ya tarehe 13 Juni hayakuwa na idhini hiyo. Ni kweli kwamba siku moja kabla yake bodi ya shirika la kimataifa la nishati ya atomiki ilitamka kuwa Iran haikutimiza wajibu wake wa ukaguzi. Lakini mkuu wa shirika hilo, Rafael Grossi, alieleza siku zile zile kuwa hawakuwa na ushahidi wa juhudi zilizopangwa za kutengeneza silaha ya nyuklia. Tena si mara ya kwanza. Mwaka 1981 Israel iliulipua mtambo wa nyuklia wa Iraq, na Baraza la Usalama, Marekani ikiwemo, likalaani kitendo kile kwa kauli moja. Kuyasema haya wazi si chuki. Ni ushahidi, na ushahidi ni amana.

Hata hivyo, Qur'an Tukufu imetukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani. Kwa hiyo mtoto aliyeuawa na kombora mjini Bat Yam naye ni nafsi, kama alivyo nafsi mtoto aliyeuawa Tehran au Gaza. Na Wakristo tunaoishi nao jirani, wanaosalimiana nasi asubuhi na kuchota maji pamoja nasi, hawakuwatuma marubani popote. Atakayemnunia jirani yake kwa sababu ya bomu lililoanguka Isfahan, amemwadhibu mtu kwa kosa asilolitenda, na hiyo ndiyo dhuluma yenyewe tunayoilalamikia.

Machozi yasiyo na upendeleo

Hapa twafika kwenye jambo lililo zito kuliko yote. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni ya watu, Waislamu na wasio Waislamu, waliandamana katika mamia ya miji duniani kupinga vita vya Iraq. Vita vilianza mwezi uliofuata, na misikiti ikavilaani. Lakini tarehe 22 Februari 2006 msikiti mtukufu wa al-Askari mjini Samarra ulipolipuliwa, na Waislamu wakaanza kuuana mjini Baghdad kwa kuulizana majina tu, wengi waliokuwa wakipaza sauti mwaka 2003 hawakusikika tena. Ni kana kwamba damu ya Muislamu huwa na thamani pale tu anapoimwaga asiye Muislamu!

Mizani hiyo hiyo ipo mbele yetu katika Sudan. Tangu tarehe 15 Aprili 2023 jeshi la nchi hiyo na kikosi cha Msaada wa Haraka viligeuziana bunduki, na hadi mwaka 2025 watu zaidi ya milioni 12 walikuwa wameyahama makazi yao, wengine wakivuka kuingia Chad, Misri na Sudan Kusini. Tarehe 19 Septemba 2025, mjini El Fasher, ndege isiyo na rubani iliupiga msikiti wakati wa sala ya alfajiri, na watu zaidi ya 70 wakauawa. Walikuwa katika safu. Mwezi uliofuata mji huo ulianguka baada ya kuzingirwa kwa takriban miezi 18. Sudan imepakana na Afrika Mashariki. Watu wake ni jirani zetu kwa ardhi na ndugu zetu kwa kibla. Je, ni misikiti mingapi iliyowaombea waliouawa wale? Ni khutuba ngapi zilizowataja? Mwenye kuililia Tehran na asiililie El Fasher, na ayachunguze machozi yake, maana huenda anamlilia adui wake kuliko anavyomlilia ndugu yake. Na yule wa kundi la tatu, anayetaka kujua madhehebu ya maiti kabla ya kumhurumia, amekwisha kujibiwa na safu ya El Fasher.

Njia iliyowekwa ikaachwa

Uislamu haukutuacha bila ya mwongozo. Surat al-Hujurat inaeleza kuwa makundi mawili ya waumini yakipigana, yapasa yasuluhishwe. Na moja likizidi kuonea, wote kwa pamoja walizuie mpaka lirejee katika amri ya Mungu. Na likirejea, suluhu iwe ya uadilifu, si ya kulipiza kisasi. Tazameni hatua hizi: upatanishi, kisha kinga ya pamoja, kisha haki hata kwa aliyeanza kosa. Lau nchi za Kiislamu zingeufuata utaratibu huu, ni damu kiasi gani ingeokolewa!

Iraq ilipoivamia Iran tarehe 22 Septemba 1980, Jumuiya ya OIC, iliyoundwa mwaka 1969 baada ya kuchomwa moto kwa Msikiti wa al-Aqsa, iliunda kamati ya amani iliyowashirikisha viongozi kama Ahmed Sékou Touré wa Guinea na Dawda Jawara wa Gambia. Walikwenda Tehran na Baghdad wakarudi mikono mitupu, kwani hapakuwa na kinga ya pamoja nyuma ya maneno yao. Baadhi ya wanachama walikuwa wakimpa upande mmoja fedha huku wakizungumza amani. Vita vikadumu miaka minane, mamia ya maelfu ya watu wakafa, na hatimaye vilisimama Agosti 1988 kwa azimio la Umoja wa Mataifa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Sudan: mwezi Mei 2023 pande mbili zilitia saini mjini Jeddah ahadi ya kuwalinda raia, na ahadi ikavunjwa, kwa kuwa hapakuwa na wa kuisimamia. Mgawanyiko huo ndio unaowakaribisha wageni kuja kuamua mambo yetu kwa mabomu.

Wanaodhani kuwa suluhu ni unyonge nawaisome upya Hudaibiya. Mtume (s.a.w.) alikwenda na masahaba wapatao 1,400, akakubali masharti ambayo Sayyidna Umar (r.a.) mwenyewe aliyaona mazito, na Qur'an ikauita mkataba ule ushindi ulio dhahiri. Baada ya miaka miwili aliingia Makka na watu 10,000, karibu bila ya kumwaga damu. Kile ambacho panga za Badr na Uhud hazikukifikia, kalamu ya Hudaibiya ilikifikia.

Ni lipi basi litufaalo?

Kwanza, maimamu wasiipandishe mimbarini habari ambayo hawakuihakiki. Mimbari ya Mtume (s.a.w.) si mahali pa uvumi.

Pili, tuihuishe Qunut ya misiba. Mtume (s.a.w.) aliisoma kwa mwezi mzima baada ya masahaba zake kuuawa Bir Ma'una. Tuisome kwa ajili ya wote walio katika mateso, tuwataje watu wa Sudan kama tunavyowataja watu wa Gaza na Iran, na tumwombe Mwenyezi Mungu awaongoze hata wakosaji.

Tatu, wazee waketi na vijana. Kijana aliyejaa ghadhabu na asiye na wa kumsikiliza msikitini, atampata wa kumsikiliza mahali pengine, na huyo hatamtakia heri. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Nne, misaada itolewe kwa njia zilizo wazi na zinazojulikana kisheria, ili sadaka ya mjane isiishie kununua risasi.

Tano, tuwaambie viongozi wetu, kwa heshima na bila ya woga, wapige kura na kusema katika mabaraza ya dunia kwa kuifuata haki, si kwa kumfuata mwenye nguvu wala mwenye fedha.

Ndugu Waislamu, hatuna ndege wala manowari, na hatuwezi kumwamrisha mkubwa yeyote asimamishe vita. Lakini tunazimiliki ndimi zetu, misikiti yetu na mioyo yetu, na kuhusu hivyo tutaulizwa. Siku ile hatutaulizwa nani alishinda katika siku 12 za Juni. Tutaulizwa tulisema nini, tulimhurumia nani, na tulimwonea nani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa haki na suluhu, azilinde nchi zetu na fitina zilizo dhahiri na zilizofichika, awapokee kwa rehema wote waliouawa bila ya hatia, na awape wenye madaraka hekima ya kuuzima moto kabla haujawa mkubwa. Amin.